Macho hayana pazia, ila kibodi inalihitaji

Mtu anayejifunza kuendesha kompyuta kwa macho hugundua mapema kwamba macho yake hayajawahi kumtii. Mkono ukiuambia ukae juu ya meza, unakaa. Jicho ukiliambia litulie juu ya herufi K, litatulia kidogo, kisha mlango utafunguliwa, au ujumbe utachomoza kwenye kona ya skrini, nalo litakuwa limeshakwenda huko. Tunaposema macho hayana pazia, kwa kawaida tunamtetea mtu aliyetazama asichopaswa kutazama. Wahandisi wa kompyuta wamehangaika na jambo hilohilo kwa zaidi ya miaka 30, kwa sababu kibodi ya macho haifai kitu mpaka ipatikane njia ya kulitundika hilo pazia.

Nianze na msimamo wangu. Kamera si kikwazo kikubwa tena. Ugumu uliobaki uko kichwani mwa anayejifunza, na kwa sisi wa Kiswahili uko pia ndani ya kibodi, ambayo mara nyingi imepangwa kwa ajili ya lugha zenye vitenzi vifupi. Wanaochangisha fedha za kununua kifaa kwa kawaida huulizia kamera. Mimi ningeulizia kibodi kwanza.

Jicho halitelezi juu ya vitu jinsi tunavyodhani. Linaruka. Tukisoma au tukiangalia chumba, linaruka mara tatu au nne kila sekunde, na kila kituo hudumu kama robo ya sekunde. Daktari wa macho wa Paris, Émile Javal, aliandika kuhusu miruko hiyo katika usomaji tangu karne ya 19. Sababu ni kwamba sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno: nyoosha mkono, utazame ukucha wa kidole gumba, na eneo unaloliona kwa ukali kamili halizidi sana ukubwa wa ukucha huo. Mengine yote ni ukungu ambao ubongo unaujazia.

Alfred Yarbus, mwanasayansi wa Urusi ya Kisovieti aliyechapisha kazi yake katika miaka ya 1960, aliwaonyesha watu mchoro mmoja wa Ilya Repin, wa mtu anayerudi nyumbani bila kutarajiwa. Aliwaonyesha mchoro uleule mara kadhaa, kila mara kwa swali jingine. Alipowauliza umri wa waliomo, macho yalizunguka kwenye nyuso. Alipowauliza kuhusu hali ya kiuchumi ya familia ile, yalihamia kwenye samani na mavazi. Kwa hiyo jicho hufuata swali lililomo kichwani. Linaonyesha mtu anatafuta nini, na kutafuta si kuamuru. Tofauti hiyo ndiyo inayomsumbua kila anayeanza.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukieleza. Chini ya skrini kuna taa ndogo za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, pamoja na kamera. Mwanga huo hugonga konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kuacha nukta inayong'aa. Kompyuta hupima umbali kati ya nukta hiyo na kitovu cha mboni, na kutokana nao hukokotoa jicho linaelekea wapi. Kabla ya kuanza, mtumiaji hufuata vidoa vitano au tisa vinavyotokea hapa na pale kwenye skrini ili mashine ilijue jicho lake. Hata baada ya hapo hubaki kosa la kama nusu nyuzi hadi nyuzi moja. Ukikaa sentimita 65 kutoka kwenye skrini, nyuzi moja ni zaidi kidogo ya sentimita moja. Tazama alama ya kufungia dirisha kwenye kompyuta yako, kile kialama cha msalaba pale juu, utaona ni kidogo kuliko kosa hilo. Ndiyo maana programu za macho huwa na vitufe vikubwa, au hukuza kwanza eneo ulilolitazama halafu zikakutaka uchague tena.

Mwaka 1990 Robert Jacob, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, aliupa ugumu mkuu wa jambo hili jina la mguso wa Midas, mfalme wa hekaya za Kigiriki aliyeomba kila akigusacho kiwe dhahabu, akaishia kukosa hata tonge la kuweka mdomoni. Kompyuta inayotii kila mtazamo hufungua kila kitu, hufuta kila kitu na kutuma barua ambayo hujamaliza kuiandika. Suluhisho linalotumika zaidi hadi leo ni la kungoja: kitufe hakibonyezwi mpaka jicho likae juu yake kwa muda uliopangwa, tuseme sekunde moja kamili kwa anayeanza. Wako wanaotumia kupepesa, na wako wanaobonyeza swichi kwa kidole kimoja au kwa shavu kama bado kuna msuli unaotii. Panapokuwa na msuli kama huo mimi hupendekeza utumike. Jicho lielekeze, msuli uamuru, na nusu ya matatizo yataondoka.

Asiye na msuli huo analazimika kujifunza kungoja, na hapo ndipo mafunzo yalipo hasa. Päivi Majaranta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tampere, Finland, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya jaribio ambalo nalirejea kila mara. Watu wasio na ulemavu, waliokuwa wageni kabisa wa kazi hii, walichapa kwa macho katika vipindi kumi vya dakika 15 kila kimoja, na waliruhusiwa kujiwekea wenyewe muda wa kungoja. Mwanzoni muda huo ulikuwa wastani wa milisekunde 876, mwishoni 282. Kasi yao ilipanda kutoka maneno 6.9 kwa dakika hadi 19.9. Saa mbili na nusu tu za mazoezi! Jambo ninalolisisitiza ni kwamba hakuna aliyewashikia kirungu. Kila mmoja alipunguza muda pale alipojihisi yuko tayari. Katika vituo vingi vya huduma mpangilio huo hufungwa na fundi siku ya kwanza, na mwaka mzima baadaye mtumiaji bado anasubiri sekunde nzima kwa kila herufi, kama mtu anayezuiwa kwenye lango ambalo mlinzi wake alishakwenda nyumbani.

Kinachobadilika katika saa hizo si macho, ni mazoea. Anayeanza hutembeza macho kibodi nzima akiitafuta herufi, na njiani hubonyeza herufi asizozitaka. Aliyezoea huiamua herufi kwanza, akajua iko wapi, kisha akatupa jicho mara moja. Anayeanza pia hawezi kujizuia kuangalia alichoandika baada ya kila herufi. Jicho hupanda kwenye mstari wa maandishi, hurudi, hupotea. Mlio mfupi kila kitufe kinapokubali humwondolea shaka hiyo. Tena kila skrini inapaswa kuwa na mahali patupu, pasipo na amri yoyote, ambapo jicho linaweza kupumzika bila kusababisha jambo. Nimeona mipangilio iliyojaa vitufe kutoka ukingo hadi ukingo, na mtumiaji hana pa kutazama ila dari. Baada ya dakika chache macho hukauka kwa sababu anayekaza husahau kupepesa, na watu wa nyumbani hudhani amechoka na mashine.

Kwa watoto kosa ninaloliona sana ni la sauti. Mtu mzima husimama nyuma ya kiti akirudia, "Angalia hapa, angalia hapa!" Mtoto, kwa adabu au kwa mshtuko, humgeukia anayesema. Mtu mzima na anyamaze. Mpe mtoto mchezo ambao kila akitazama kiputo kinapasuka, na akikuta mwenyewe kwamba jicho lake ndilo linalopasua, atakuwa ameshajifunza somo la kwanza bila kuelezwa.

Halafu kuna mwili. Ugonjwa wa ALS, unaoua polepole neva zinazoamrisha misuli, mara nyingi huyaacha macho hadi mwishoni, na ndiyo sababu vifaa hivi vimekwenda pamoja na ugonjwa huo. Hata hivyo Stephen Hawking, mgonjwa maarufu kuliko wote, hakuandika kwa macho. Alitumia msuli wa shavu, uliosomwa na kihisio cha infraredi kwenye miwani yake. Wahandisi wa Intel walijaribu kufuatilia macho yake, ila kope zake zilikuwa zimelegea na kamera ikashindwa kuyashika. Kiharusi kinachoharibu shina la ubongo huweza kumwacha mtu akili timamu, mwili wote umefungwa, na macho yakienda juu na chini tu, si kushoto wala kulia. Kwa upande mwingine, mtoto mchanga aliyepata manjano kali isiyotibiwa kwa wakati anaweza kukua na mtindio wa ubongo wa aina ya kujinyonganyonga, usikivu uliodhoofika, na macho yanayoshindwa kupanda juu. Wagonjwa hawa wawili wanahitaji kibodi zinazokinzana: mmoja ya safu iliyosimama wima, mwingine ya vitufe vilivyolala sehemu ya chini ya skrini. Anayeuza mpangilio mmoja kwa wote wawili anauza fanicha.

Sasa nifike kwenye Kiswahili.

Mwaka 1995 Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle la Ufaransa, alipatwa na kiharusi cha aina hiyo, akabakiwa na ukope wa kushoto. Aliandika kitabu kizima, kikatoka mwaka 1997, kwa kumsikiliza mtu akimsomea alfabeti na kupepesa ilipofika herufi anayoitaka. Alfabeti hiyo haikuanza na A, B, C. Ilipangwa kwa jinsi herufi zinavyotumika katika Kifaransa: E, S, A, R, I, N na kuendelea, na za mwisho kabisa zilikuwa K na W. Mpe Mswahili orodha hiyo aseme "watu wakakaa kwao". Ingempasa kungoja hadi mwisho wa alfabeti karibu kila baada ya herufi moja. Katika Kiswahili A peke yake hubeba takriban herufi moja kati ya kila tano, na K na W ziko miongoni mwa zile tusizoweza kuishi bila.

Kwenye kompyuta shida hii huvaa nguo nyingine, ile ya utabiri wa maneno. Kibodi za macho hutegemea sana orodha ya maneno yanayopendekezwa, ili mtumiaji aandike herufi mbili tatu kisha achague. Katika Kiingereza hilo hufanya kazi vizuri kwa kuwa neno huanza na mzizi wake. Kitenzi chetu huanza na nani, kikafuata lini, kikafuata nani tena, ndipo mzizi ufike. Chukua "piga". Nafsi sita, nyakati tano za kawaida, mtendwa wa nafsi hizohizo sita akiwepo au asiwepo, tayari una maumbo karibu mia mbili, kabla hujagusa ukanushi, kabla ya pigia, pigwa, pigana, pigisha. Hakuna orodha ya maneno itakayoyabeba yote kwa kila kitenzi, na ikiyabeba, herufi tatu za kwanza za "nitakupigia" haziipi mashine fununu yoyote kuhusu pigo. Mtumiaji anaandika neno zima herufi kwa herufi. "Nitakupigia simu kesho asubuhi" ni herufi 30 pamoja na nafasi. Kwa kasi ya wale wageni wa Tampere siku ya kwanza, ni sekunde 52. Kwa kasi yao ya mwisho, 18.

Dawa yake naiona katika sarufi yenyewe. Kibodi ipendekeze viambishi, si maneno: kitufe kimoja cha ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, kikishachaguliwa vifunguke -na-, -li-, -ta-, -me-, kisha watendwa, kisha mizizi anayoitumia mtu huyu mara kwa mara. Miguso minne inatoa "nitakupigia". Kuna pia silabi. Kwa kawaida konsonanti yetu hufuatwa na irabu, na irabu ni tano tu, hivyo baada ya B programu inaweza kukuza A, E, I, O, U mbele ya macho na kulipunguza kosa la kamera kwa mkupuo mmoja. Kila aliyepita darasa la kwanza aliimba ba, be, bi, bo, bu. Kibodi haina haja ya kumfundisha jipya. Konsonanti zinazoandamana, kama mb, nd, mw, kw, au "daktari" na "labda" tulizoazima, zibaki kwenye kitufe cha pembeni.

Programu ya Dasher, iliyobuniwa Cambridge na David Ward na David MacKay na kuelezwa katika jarida la Nature mwaka 2002, ilikaribia wazo hili kwa njia yake. Humo hakuna kungoja. Herufi hutiririka kutoka kulia zikiwa ndani ya visanduku, na sanduku la herufi inayotarajiwa zaidi huwa kubwa; mtumiaji hutazama herufi anayoitaka na skrini humsogelea. Kwa kuwa inatabiri herufi kwa herufi kutokana na maandishi iliyosomeshwa, haijali kama lugha ina viambishi au haina. Iulishe magazeti ya Kiswahili, itajua kwamba baada ya "nita" kuna uwezekano mkubwa wa "ku". Nashangaa haitajwi mara nyingi zaidi kwetu.

Na maamkizi je? Vibao vya maneno vilivyotafsiriwa kutoka nje hukuletea "nasikia baridi" na "nataka chai", lakini havina "shikamoo". Mwambao na Tanzania nzima, kijana akiingia chumbani huamkia, na mzee aliyelala pale asipojibu "marahaba" papo hapo, anaonekana amekasirika au hatambui tena watu. Kisha zinafuata habari za kutwa, za nyumbani, za watoto, moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo hakuna kibodi ya herufi itaiweza. Shikamoo, marahaba, nzuri, salama, na pole ziwe vitufe vikubwa kwenye ukurasa wa kwanza. Lipo pia suala la adabu ya macho: kumkodolea mkubwa ni utovu, na mkwe hawezi kutazamana ana kwa ana na baba mkwe bila kuhisi uzito. Nyumba ielezwe mapema kwamba sasa macho ni mdomo.

Kabla ya kifaa chochote, ningependa kila familia ianze na kipande cha plastiki angavu chenye ukubwa wa trei, kikatwe tundu katikati ili msaidizi na mgonjwa waonane. Wazungu wamekitumia kibao cha namna hii kwa miaka mingi, wakisumbuka kuzipanga herufi zao 26. Alfabeti yetu ya herufi 24, ukiihesabu CH kuwa moja na kuziacha Q na X, inagawanyika kwa uzuri wa ajabu katika mafungu sita ya nne nne. Juu, kutoka kushoto: A B CH D, E F G H, I J K L. Chini: O M N P, U R S T, V W Y Z. Ya kwanza katika kila fungu ipake rangi nyekundu, ya pili njano, ya tatu buluu, ya nne kijani. Kwenye pembe nne weka vidoa vya rangi hizo. Mgonjwa hutazama fungu, kisha kidoa cha rangi, kisha hurudi kwenye uso wako.

Angalia sasa irabu: zote tano ni nyekundu. Hivyo mkubaliane kwamba baada ya konsonanti, akitazama fungu na kurudi usoni kwako bila kwenda kwenye rangi, anataka irabu ya fungu hilo. "Maji" inakuwa mitazamo sita badala ya minane: fungu la O na njano, ndiyo M, fungu la A peke yake, fungu la I na njano, ndiyo J, na kufikia hapo kikombe kimeshainuliwa. Andika herufi pande zote mbili, kila moja nyuma ya mwenzake, ili nawe uzisome. Kwa mwenye macho ya juu na chini tu, weka mafungu katika safu moja wima, na rangi uzitaje kwa mdomo, yeye akubali kwa kuinua macho.

Aliyezoea kibao hicho kwa mwezi mmoja hatapata tabu na kompyuta, kwa kuwa kuamua kwanza na kutazama baadaye atakuwa ameshakuzoea. Vifaa vyenyewe vimesogea karibu. Windows 10 ilipata udhibiti wa macho mwaka 2017, na mwaka 2024 Apple iliweka ufuatiliaji wa macho ndani ya iPhone na iPad kwa kutumia kamera ya mbele tu. Kamera ya kuongeza, zile zinazouzwa kwa wacheza michezo, hugharimu dola mia kadhaa, ilhali mashine kamili za mawasiliano huvuka maelfu. Mwaka 2009 kundi la wasanii na watengeneza programu lilimrudishia mchoraji wa ukutani wa Los Angeles, Tempt One, aliyepooza kwa ALS, uwezo wa kuchora kwa miwani ya bei poa na kamera ya mchezo wa PlayStation. Kumbuka tu kwamba jua limejaa infraredi. Kamera inayofanya kazi vizuri chumbani hupofuka barazani saa sita mchana, na baraza ndipo watu wanapokaa. Macho meusi si tatizo kwa infraredi. Kamera ya kawaida ya simu ndiyo hupata taabu kutofautisha mboni na weusi unaoizunguka.

Kuhusu sauti ya kusoma yaliyoandikwa, Microsoft wana sauti za Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, ila hupitia intaneti. eSpeak NG ni ya bure na haihitaji mtandao, lakini husema kama roboti mwenye mafua. Umeme na bando vikikatika, roboti mwenye mafua ni bora kuliko kimya.

Ukifika dukani, au mfadhili akikuletea mtu wa maonyesho, mwombe aandike mbele yako, kwa macho yake mwenyewe, neno moja: "hawajanilipa". Usikubali mfano aliokuja nao. Hesabu mitazamo. Ikizidi herufi za neno hilo, mwambie akirudishe kifaa kwenye boksi na akuachie anwani ya walioandika programu yake.